UZI: Kufunga tovuti za wizi wa muvi na muziki. Kinachofungwa ni nini hasa, na nani anaachwa nje?

#1 MzawaWaNgamiani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kwenye vijiwe vya wasanii, kuanzia hapa Tanga mpaka kwa ndugu zetu wa Bagamoyo, hoja ni moja: "Serikali izifunge tovuti zote zinazoiba kazi zetu, basi." Ukiuliza zifungwe vipi, kwa amri ya nani, na zikifungwa kimakosa nani atazifungua, unaambiwa "wao wanajua".

Uzi huu ni wa hayo maswali matatu.

Tuanzie chini. Mteja anaingia laibrari ya muvi na memori kadi ya GB 32. Muvi ya saa moja na nusu iliyobanwa kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 675, kwa hiyo kadi inabeba kama 47. Anajaziwa, analipa, anaondoka. Hakutumia bando, hakufungua tovuti yoyote. Tovuti ikifungwa, huyu anazuiwaje? Mwenye laibrari naye anahitaji kuipata faili mara moja tu, kwa njia yoyote ile, kisha anakopi mpaka mwakani.

Msimamo wangu nauweka mapema tusije kuviziana: kufunga tovuti nzima ni uvuvi wa baruti. Watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa baruti inaufanyia nini mwamba. Samaki unampata, ndiyo, lakini kesho unavua wapi?

Mafundi wa mitandao, wanasheria, watayarishaji, karibuni. Mambo ya vyama yabaki jukwaa lake, na matangazo ya VPN (programu za kukwepa kufungiwa) sitaki kuyaona humu.

#2 Fundi_Chumbageni

Mleta mada, niingie kwenye "zifungwe vipi", maana hapo ndipo wanaodai sheria wanapopotea. Mtoa huduma wa intaneti ana sehemu tatu za kukata.

Ya kwanza ni DNS, kitabu cha majina. Simu haiijui tovuti kwa jina. Inaiuliza seva ya mtoa huduma "fulani.com anakaa wapi?", inajibiwa namba ya IP, yaani anwani ya seva yake. Kufunga hapa ni kumwagiza mwenye kitabu adanganye: aseme jina halipo, au atoe namba ya uongo kama 127.0.0.1, ambayo ni kifaa chako mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache na haina gharama, ndiyo maana nchi nyingi huanzia hapo. Udhaifu wake ni kwamba anayeuliza kitabu kingine, mfano 1.1.1.1 au 8.8.8.8, anapata jibu la kweli. Na mwizi mwenyewe anasajili jina jipya kwa bei ya chipsi mayai chache, anahamia nalo usiku huohuo. Domeni za wizi ni waja leo waondoka leo.

Ya pili ni namba ya IP yenyewe. Hapa uongo hausaidii tena, pakiti, yaani vipande vya data, zinatupwa njiani. Tatizo ni kwamba IP moja siku hizi ni nyumba ya kupanga: nyuma ya kampuni kama Cloudflare, zinazokaa kati ya tovuti na wateja wake, maelfu ya tovuti hutumia namba chache za pamoja. Mwishoni mwa Agosti 2022 watoa huduma wa Austria walifunga IP 11 za Cloudflare ili kuzuia tovuti chache za wizi. Maelfu ya tovuti zisizohusika zikazimika nazo. Geti limefungwa kwa sababu ya mpangaji wa chumba kimoja.

Ya tatu ni kusoma salamu. Hata kwenye HTTPS, yaani muunganisho uliosimbwa, kifaa kinapoanza kuzungumza na seva, kwa kawaida hutaja jina la tovuti wazi kabla mazungumzo hayajasimbwa. Mtambo uliowekwa katikati unalisoma jina, na likiwa kwenye orodha unakata laini. Huu unalenga vizuri kuliko hizo mbili, ila ni ghali, na ili umkamate mmoja lazima usome salamu za wote. Ipo pia teknolojia mpya inayoificha hata hiyo salamu. Ikienea, mtambo utabaki na mawili: upitishe vyote au ufunge vyote.

Sasa shikeni hili. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu linaloweza kufunga ukurasa mmoja wa tovuti ya HTTPS. Mtoa huduma anaona jina fulani.com tu. Kama uliomba /muvi/12 au /habari/leo haoni, hayo yamesimbwa. Kwa hiyo mwanasiasa anaposema "tutafunga kurasa zenye wizi tu", ama hajui, ama anajua na anawapakeni mafuta kwa mgongo wa chupa.

Namna ya kujua kama umefungiwa au mtandao ni mbovu tu:

1. Fungua tovuti nyingine tatu zisizohusiana. Zote zikigoma, acha hapo, hilo ni bando au mnara.
2. Kwenye kompyuta andika `nslookup fulani.com` (inauliza kitabu cha mtoa huduma wako), kisha `nslookup fulani.com 1.1.1.1` (inauliza kitabu kingine). Angalizo: IP kutofautiana peke yake si ushahidi, tovuti kubwa hutoa namba tofauti kwa kila eneo. Cha kutafuta ni jibu la kwanza kuwa 127.0.0.1, au namba ya ndani inayoanza na 10, au "jina halipo", huku la pili likiwa zima.
3. Majibu ya DNS yakiwa mazima, jaribu kuunganisha: andika `curl -v https://fulani.com`. Ikiganda kwenye "Trying" mpaka muda uishe, inaelekea IP imezibwa au seva yenyewe imekufa. Ikifika "Connected", ikatuma "Client hello", kisha ikakatwa papo hapo, inaelekea kuna anayesoma salamu.
4. Rudia kwa laini ya mtandao mwingine. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayotenganisha tovuti iliyokufa na tovuti iliyofungwa.
5. Kama unataka rekodi ya kuonyesha watu, tumia OONI Probe. Ni programu ya bure, mradi wake upo tangu 2012, inapima DNS, muunganisho na ukurasa, kisha inaweka matokeo hadharani na tarehe yake. Jua tu kwamba inayaweka hadharani pamoja na jina la mtandao uliotumia.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, nchi nzima ikakokota. Siku kama ile, mtu asiyepima ataapa kwamba amefungiwa.

#3 DadaKaole

Ahsante fundi. Swali dogo: kwa nini tovuti ikifungwa hatuoni tangazo linalosema "imefungwa kwa amri fulani"? Tunaona duara linazunguka tu.

#4 Fundi_Chumbageni

Dada, ni HTTPS tena. Ili mtoa huduma akuonyeshe tangazo lake mahali pa fulani.com, inabidi ajifanye fulani.com, na cheti chake hana. Brauza itapiga kelele kwamba muunganisho si salama kabla hujasoma herufi moja. Namba maalumu ya kusema "imezuiwa kisheria" ipo, ni 451, ilirasimishwa 2016, lakini hutumwa na anayeshika ukurasa. Aliyekata waya katikati hana pa kuiweka. Mwenye nia ya uwazi achapishe orodha ya alivyovifunga kwenye tovuti yake mwenyewe. Hiyo haihitaji utaalamu wowote.

#5 SautiYaDunda

Nimesoma. Mnaongea vizuri ila mnaongea kama watu ambao si wao walioibiwa.

Sisi wa upande wa Bagamoyo hoja yetu ni muda. Muvi au nyimbo ina wiki zake chache za kuuza, na mechi ina dakika 90. Ukiniambia niandike notisi, nisubiri siku mbili, huko ni kumpeleka mgonjwa hospitali baada ya maziko. Na kufunga kunawezekana kwa akili: mahakama kuu ya Uingereza ilitoa amri Machi 2017 kwa ajili ya Ligi Kuu yao. Zilifungwa seva zinazorusha mechi, orodha ikafanywa upya kila wiki ya mechi, na amri yenyewe ilikwisha Mei msimu ulipokwisha. Hapo baruti iko wapi? Hiyo ni ndoano.

Vibanda umiza na laibrari tunavijua, lakini chanzo chake ni mtandaoni. Ukikata mzizi tawi litanyauka.

#6 Fundi_Chumbageni

SautiYaDunda, mfano wako ni mzuri na sitauponda. Ila ona kilichoufanya uwe ndoano: jaji, orodha ya seva zinazofanya kazi hiyo moja, na tarehe ya mwisho. Ukitoa hivyo vitatu unapata Italia.

Italia mfumo wao ulianza Februari 2024. Mwenye haki anaingiza anwani, na mtoa huduma ana dakika 30 za kuifunga, bila jaji kuitazama kwanza. Mwezi huohuo ikafungwa IP ya Cloudflare yenye tovuti za watu wasiohusika. Tarehe 19 Oktoba 2024, jioni ya Jumamosi, ikaingizwa domeni ya kupakulia mafaili ya Google Drive. Nchi nzima wanafunzi na ofisi wakakosa mafaili yao kwa saa kadhaa. Kufunga dakika 30, kufungua saa kadhaa. Hilo pengo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chote.

Na mzizi unaousema si mmoja, ni kama ukoka. Kazi ikishashuka kwenye kadi moja hapa Tanga, mtandao hauna kazi tena nayo.

#7 Wakili_Pwani

Wadau, sheria zetu zinasemaje? Namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria zilivyopitishwa mwanzo. Mkitumia toleo la marekebisho hakikisheni namba kabla ya kuandika barua.

Msingi ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999. Haki inazaliwa kazi inapotengenezwa, si inaposajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili ni ushahidi, na ushahidi mzuri, lakini asiyejisajili bado ana haki. Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao, COSOZA. Kwa watu wa Tanga na Bagamoyo hili si dogo, maana soko letu na la visiwani limeingiliana.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015. Kifungu cha 24 kinahusu kutumia kompyuta kuvunja haki za ubunifu. Bila biashara, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kwa biashara, faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote. Someni tena neno "isiyopungua". Kijana aliyerusha nyimbo kwenye kundi la WhatsApp bila senti anaanzia milioni 5. Kwa maoni yangu ndiyo maana kifungu hiki kinaogopesha zaidi kuliko kinavyotumika: adhabu ikiwa kubwa kuliko kosa, hata anayelalamika anasita kuipeleka mahakamani.

Sheria hiyohiyo ina sehemu nzuri ambayo wasanii hawaijui. Kifungu cha 39 kinasema mtoa huduma hana wajibu wa jumla wa kuchunguza kila kinachopita kwake. Kifungu cha 45 kinaweka utaratibu wa notisi ya kuondoa maudhui: wewe ni nani na unapatikana wapi, haki gani imevunjwa, kitu kiko wapi hasa, unataka kifanyike nini, tamko kwamba unalalamika kwa nia njema, na saini. Kwa hiyo njia ya kulenga tayari ipo. Kenya nao waliingiza utaratibu wa notisi kwenye sheria yao ya hakimiliki kwa marekebisho ya 2019.

Ya tatu ni Kanuni za Maudhui Mtandaoni chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010. Zilianza 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Hizi hazikuandikwa kwa ajili ya wasanii. Ndizo zilizoleta leseni ya blogu: kwa viwango vya 2018, maombi 100,000, leseni 1,000,000 na ada ya mwaka 1,000,000, jumla shilingi 2,100,000. Toleo la 2020 likampa mwenye jukwaa saa 2 kuondoa kitu akishaarifiwa. Saa 2 hizo hakuna anayepima kama malalamiko ni ya kweli. Kinachofanyika ni kufuta kwanza.

SautiYaDunda, kama mnataka sheria ya kufunga, dai lenu liwe na meno haya: amri ya mahakama, jina kamili la domeni, tarehe ya kwisha, orodha kuchapishwa, muda wa kufungua usiozidi muda wa kufunga, na mwombaji kulipa hasara akikosea. Australia walipotunga ya kwao 2015 waliiweka mikononi mwa Mahakama ya Shirikisho, na walilenga tovuti za nje ambazo kazi yake kuu ni uvunjaji wa hakimiliki. Mahakama ya Haki ya Ulaya, Machi 2014, ilikubali amri za kufunga lakini ikasisitiza mtumiaji wa kawaida awe na njia ya kwenda mahakamani akizuiwa kitu halali. Kipengele hicho cha mwisho kwetu hakizungumzwi kabisa.

#8 SautiYaDunda

Wakili, umenishika kidogo hapo kwa muda wa kufungua. Sawa. Lakini notisi zetu nyingi hazijibiwi. Zinakwama wapi?

#9 Mpekuzi_Raskazone

Mkuu, mara nyingi zinakwama kwenye uandishi. Makosa yanajirudia: kulalamikia "chaneli nzima" bila viungo, kutuma picha ya skrini isiyoonyesha anwani, kudai kazi ambayo mlalamikaji si mmiliki wake, na kutuma kwa mtu asiyehusika. Utaratibu unaofanya kazi ni huu.

Kusanya kwanza, usilalamike kwanza. Mwizi akishtuka anahama. Kwa kila faili chukua anwani kamili ya ukurasa, si jina la tovuti. Kwa Telegram fungua ujumbe wenyewe unakili kiungo chake, kile kinachoishia na namba. Piga picha ya skrini yenye anwani, tarehe na saa. Pakua nakala moja, kisha chukua alama yake ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili: Windows andika `certutil -hashfile faili.mp4 SHA256`, Linux `sha256sum faili.mp4`. Herufi na tarakimu 64 zitakazotoka zihifadhi. Akibadili jina la faili bila kuigusa ndani, alama inabaki ileile.

Kisha tafuta nani anayeishika faili. Tovuti ikiwa nyuma ya Cloudflare, `whois` ya IP (rekodi ya mwenye namba hiyo) itakuonyesha Cloudflare, na wao kwa kawaida si waliohifadhi faili. Jaza fomu yao ya malalamiko, watayapeleka kwa mwenye seva na kukuelekeza kwake. Watu wengi wakipata jibu hilo wanadhani wamekataliwa, wanaacha. Hapo ndipo mlango ulipo. Wakati mwingine tovuti ni orodha tu ya viungo na video imekaa seva nyingine kabisa, kwa hiyo kwenye brauza bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, cheza video, uone inavutwa kutoka wapi.

Jukwaa likiwa la Marekani, notisi ifuate sheria yao ya hakimiliki mtandaoni, DMCA ya 1998. Mambo sita: saini (jina lililochapwa linakubalika), kazi yako ni ipi, iliyoibiwa iko wapi, mawasiliano yako, tamko la nia njema, na tamko kwamba taarifa ni sahihi na wewe ndiye mwenye haki au wakala wake, ukijua kwamba uongo una adhabu ya kiapo cha uongo. Aliyeondolewa anaweza kupinga. Akipinga na wewe hukufungua kesi, kitu kinarudi ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Kwa YouTube maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuua chaneli, kwa hiyo usitume kwa hasira. Mtu aliyeweka sekunde 20 ili aikosoe kazi yako si mwizi, na notisi ya uongo inaweza kukurudia wewe mwenyewe.

Mwisho, fuata pesa. Chaneli nyingi za kulipia huweka namba ya kupokelea malipo ya simu. Hiyo namba ni ushahidi mzuri kuliko domeni, kwa sababu laini imesajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole. Ipeleke polisi na kwa kampuni ya simu pamoja na mafaili yako. Usiibandike mtandaoni, utamshtua, na ukikosea utamchafua mtu.

#10 MzawaWaNgamiani

Nimeacha hili makusudi mpaka ufundi uishe.

Kitufe cha kufunga hakijui sababu. Mtambo uliowekwa kwa ajili ya muvi unafunga gazeti kwa urahisi uleule, ni kuongeza mstari mmoja kwenye orodha. Ndiyo maana Wamarekani walipoleta miswada ya kufunga tovuti za wizi, SOPA na PIPA, mwaka 2011, wahandisi wa intaneti ndio walioishika bango. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilijizima siku nzima, na siku mbili baadaye miswada ikawekwa kando. Mmoja wa wasiwasi wao ulikuwa wa kiufundi kabisa: DNS iliyoamriwa kudanganya inagongana na DNSSEC, ule mfumo wa saini wa kuthibitisha kwamba DNS haidanganyi.

Uturuki, mahakama ilitaka kufunga tovuti moja iliyokuwa kwenye Google Sites, huduma ya Google ya kutengenezea tovuti. Ikafungwa Google Sites yote, pamoja na ukurasa wa kitaaluma wa mtu asiyehusika, Ahmet Yıldırım. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa ushindi tarehe 18 Desemba 2012.

Na kosa halibaki nyumbani. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistani walitaka kuwazuia watu wao wasione YouTube. Kampuni yao ya simu ikatangaza kwa mitandao mingine njia ya 208.65.153.0/24, wakati YouTube walikuwa wakitangaza 208.65.152.0/22. Ruta, mitambo inayoelekeza data, hufuata fungu finyu zaidi la anwani, na /24 ni fungu dogo ndani ya /22. Tangazo likavuja kwa mtoa huduma wa nje aliyelipitisha bila kulikagua, na kwa takriban saa mbili sehemu kubwa ya dunia ikawa inatafuta YouTube Pakistani.

Kwetu orodha inajulikana: Twitter wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, X tangu Mei 2025, leseni ya JamiiForums kusimamishwa siku 90 Septemba 2025, intaneti kuzimwa kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Katikati hapo, Oktoba 2023, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakataka watumiaji wa VPN wajiorodheshe kabla ya mwezi kwisha. Hakuna hata moja lililohusu muvi. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Msanii anayeomba kitufe kiongezwe nguvu ajue anamwongezea nani. Kesho nyimbo yake ikichukiza, itapita kwenye kitufe hichohicho.

#11 Mkutubi_Usagara

Niongeze jambo linalosahaulika: si kila kitu kinachopakuliwa bure kimeibiwa. Chukueni mwana wa Tanga mwenyewe, Shaaban Robert. Alifariki 1962. Sheria ya 1999 inalinda kazi maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, hesabu iliyokwisha 2012. Anayeskani nakala ya zamani akaiweka mtandaoni hajaiba. Anayeskani toleo jipya lenye utangulizi, maelezo na michoro ya watu walio hai, hapo kachukua vya watu. Domeni ikifungwa yote, hakuna anayetenganisha hivyo viwili, na vitabu vya wanafunzi vinazama pamoja na muvi.

#12 Mhariri_Makorora

Mimi nirudi kwenye kadi ya GB 32 ya mleta mada, maana mtandao mmeumaliza.

Laibrari zitauza tu. Kwa hiyo ziuzie wewe, na kila moja nakala yenye alama yake. Andaa toleo dogo: picha ya mistari 360, video kilobiti 500 kwa sekunde, sauti 64. Kwa muvi ya dakika 90 inatoka kama MB 380, inafaa simu na inajaa kadi polepole. Kisha chagua matukio 20 tulivu kwenye muvi. Kwa kila laibrari weka alama ndogo kwenye matatu tu kati ya hayo 20. Michanganyiko inayopatikana ni 1,140, inatosha laibrari zote za Tanga, Muheza, Korogwe na Bagamoyo na nyingine zitabaki. Daftari la nani ana mchanganyiko upi libaki kwako tu.

Yanayoharibika: alama kwenye pembe hukatwa kwa sekunde moja, kwa hiyo iweke katikati, iwe sehemu ya picha, mfano kalenda ya ukutani nyuma ya mwigizaji yenye tarehe tofauti. Alama hafifu sana hufa ikibanwa upya, ijaribu kwa kuibana mara mbili na kuituma WhatsApp mara moja. Na wenye laibrari wawili wakilinganisha nakala zao wataona tofauti, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba alama ipo.

Wale wa muvi za kutafsiriwa, kumbukeni sauti ya mtafsiri haimpi haki ya picha. Na uhamisho wa hakimiliki unatakiwa uwe wa maandishi. Ukidai kazi ambayo mwigizaji, mtunzi wa muziki na mpiga picha hawakusaini kitu, notisi ya Mpekuzi inaangukia hapo.

#13 SautiYaDunda

Ya kalenda nimeichukua. Mpekuzi, la mwisho: notisi ya nje niandike Kiswahili au Kiingereza? Na saa niandike vipi?

#14 Mpekuzi_Raskazone

Ya nje andika Kiingereza, sentensi fupi, kiungo kimoja kwa mstari. Ya kifungu cha 45 andika Kiswahili, hakuna ubaya.

Saa, kaka, ndiyo inayoangusha wengi. Ukiandika "saa 3 usiku" mtafsiri wa nje anaigeuza saa tisa alfajiri, rekodi za seva hazilingani, wanafunga jalada. Andika 21:00 EAT (UTC+3), na tarehe weka mwezi kwa herufi, maana kwa Wamarekani 04/07 ni mwezi wa nne.